Anti, nimepandishwa mkondo A nikapoteza washkaji wote, nifeli makusudi nirudi C?

BARUA

Shikamoo anti. Naomba usitaje jina langu wala shule, maana wenzangu wengi wanakusoma likizo, na hapa natumia simu ya dada kwasababu shule haturuhusiwi simu.

Mimi ni mvulana wa miaka 16, niko kidato cha tatu shule moja ya bweni mkoa wa Morogoro, nyumbani ni Mbagala. Msingi nilisoma kayumba, mambo yote Kiswahili, mjomba ndio aliamua nikasome huko na ada analipa yeye, maana mama anauza chapati na maandazi asubuhi na baba hayupo. Nilipofika kidato cha kwanza tukapewa mtihani wa kutupanga madarasa nikaangukia C. Kingereza nilikuwa sijui kabisa anti, pepa la bailojia nilikuwa naliangalia tu kama picha. A walijaa waliotoka ingilishi midiamu, B mchanganyiko, C ndio sisi wa kayumba na wachache waliorudia darasa. Wiki hiyohiyo tukaanza kuitwa vilaza, na sio na wanafunzi peke yao, hata baadhi ya maticha.

Mwanzoni iliniuma ila baadae tukaizoea, tukaamua kuwa ni yetu. Nyuma ya bweni tuliandika kwa mkaa KAMBI YA VILAZA, tukawa na meza yetu bwaloni, salamu yetu na nyimbo zetu za kuwachana wa A siku ya mechi. Kuna mmoja nitamwita J, huyu ndio alikuwa kila kitu kwangu. Nilipoibiwa godoro nililala nae godoro moja mpaka mjomba akatuma hela ya lingine, nikiumwa ananibebea uji, na akishika redio mbovu inaimba. Kambi ilikuwa familia anti, sijawahi kupendwa vile sehemu yoyote nje ya nyumbani.

Shida ni kwamba Kambi ukisoma sana unachekwa. Ukikaa prepo unaandika kweli utasikia "huyu nae anajifanya kipanga". Kwahiyo mimi nilikuwa napiga msuli alfajiri kabla ya kengele, kimyakimya, hata J alikuwa hajui. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili nikafaulu vizuri, Januari tumerudi jina langu limebandikwa 3A. C nzima ni mimi peke yangu nilietolewa.

Huko A wananiita Mkimbizi. Bwaloni kila meza ina watu wake, wapo wa PCM, wapo wa PCB, ile michepuo ya sayansi wanayoitaka kidato cha tano, wapo wanaojiita mati-oo kwamba mmoja wao lazima awe Tanzania wani. Wanaongea kingereza tupu na mimi nikikosea wananirudia neno kwa sauti yangu. Ticha wa hesabu nikikosa swali anasema "hiyo akili ya C hiyo" na darasa zima linacheka. Yupo mmoja alinipa desa lake la kemia akasema tuwe tunadiskasi, ila wale ni watoto wa kishua wana mambo yao.

Nikasema poa, ntakuwa narudi Kambi jioni. Mwezi wa pili kiranja akawashika wa C waliotoroka prepo, wakachapwa, na maneno yakasambaa kwamba mimi ndio niliewachoma kwasababu sasa nakaa na viranja. Naapa anti sijawachoma. Tangu hapo nikikaa meza yao wanainuka, na kuna jamaa wa C aliniambia J kasema hataki hata kuniona, eti nimekuwa mzungu. Chakula cha usiku mara nyingi siendi, nakaa tu bwenini mpaka wengine warudi. Tumbo linaniuma kila jioni ya Jumapili.

Sasa nimewaza mambo mawili. La kwanza, mtihani wa muhula wa Juni nijifelishe, nijaze upuuzi, ticha wa taaluma alishasema atakaeshuka anarudishwa alikotoka. La pili nimwambie mjomba anihamishie shule ya kutwa Dar. Mama nilimgusia akasema vumilia mwanangu, marafiki hawalipi ada. Lakini anti kuvumilia vipi mtu huna hata wa kumuomba sabuni? Kuna usiku nawaza mengi ambayo sitaki kuyaandika hapa. Nisaidie.

Mkimbizi, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nitakujibu kwa urefu kwasababu umeandika jambo ambalo watu wazima wengi wanalipita wakidhani ni utani wa shule tu.

Ila kabla sijafika kwenye Juni na A na C naanza na ule mstari wa mwisho, mawazo ya usiku ambayo hukutaka kuyaandika. Sijui ni mawazo gani, inaweza kuwa kutoroka shule, inaweza kuwa kujidhuru au kutamani usingekuwepo. Kama ni hayo mawili ya mwisho, nakuomba usiyabebe peke yako hata usiku mmoja zaidi, mwambie mama leo hii uko nyumbani, mwambie kwa maneno ya kawaida kabisa, "mama kuna wakati nawaza kutoishi". Ataogopa, ndio, lakini atakuwa upande wako. Na kuna namba 116, ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure, unaongea na mtu aliyezoea kusikiliza mambo kama haya na hutaonekana msumbufu. Hakuna uamuzi wa mkondo unaotakiwa kufanywa na mtu aliye kwenye hali hiyo, kwahiyo hili kwanza, mengine yanasubiri.

Sasa nirudie nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Shule ilikupanga C kwasababu hukujua kingereza. Wenzio wakawapa jina, nyie mkalichukua mkalifanya nyumba, na ndani ya hiyo nyumba ukapata watu waliokupenda. Ukafaulu, ukatolewa humo bila kuulizwa, ulikopelekwa ukapewa jina jingine, na ulikotoka nako ukapewa jina la tatu, mchomaji, kwa kosa ambalo hukufanya. Na katika yote hayo kinachokuuma kuliko vingine ni J. Ndivyo nilivyosoma mimi, maana barua yako kila ikifika kwa J inabadilika sauti.

Nataka nikwambie kitu kuhusu haya majina, nyie watoto hamkuyaanzisha. Shule nyingi zinapanga mikondo kwa alama zikisema inarahisisha kufundisha, na kuna walimu wanaoamini hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini angalia inavyokwenda, A anapelekwa mwalimu mzoefu, vitabu vichache vilivyopo vinaanzia A, C anapewa mwalimu wa kujitolea au kipindi kinakaa hivihivi, mwisho wa mwaka matokeo yakitoka watu wanasema si mnaona, tulijua. Na nyie wa kayumba mlipimwa kwa lugha ambayo msingi mliisoma kama somo moja tu wakati wenzenu walisomea masomo yote kwa hiyo. Ule mtihani wa kuwapanga ulipima hilo zaidi ya kitu kingine chochote, nami hili linanikera miaka yote na sioni haya kulisema.

Na neno kilaza lenyewe watu wazima ndio walilipa nguvu. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya elfu saba wa stashahada maalumu ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, walirudishwa nyumbani, na Rais Magufuli akawaita vilaza hadharani, nchi nzima ikalibeba neno hilo. Wengi wao baadae walipelekwa vyuo vya ualimu kumalizia masomo, lakini habari hiyo haikuvuma kama lile jina. Huku upande wa pili, wa mati-oo, Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023 lilipotoa matokeo ya kidato cha nne liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Kwahiyo hao wenzio wa 3A wanagombania cheo ambacho wenyewe wenye mtihani wameshaacha kukitangaza, na bado kinawanyima usingizi. Usidhani wao wako raha. Mtoto aliyeitwa kipanga tangu darasa la tatu anaogopa swali la hesabu kuliko wewe, maana yeye akikosa anapoteza na jina.

Kuna jaribio moja walilifanya Bristol, Uingereza, likachapishwa miaka ya mwanzo ya sabini, mwanasaikolojia anaitwa Henri Tajfel na wenzake. Walichukua wavulana wa shule wa umri kama wako, wakawaambia tumewagawa kwa picha za kuchora mnazozipenda, kumbe waliwagawa ovyo tu. Kisha kila mmoja akapewa nafasi ya kugawa vihela kwa watu asiowaona, anajua tu huyu wa kundi langu huyu wa kundi lile. Wengi waliwapendelea wa kundi lao, na wakati mwingine walikubali watu wao wapate pungufu ya ambacho wangeweza kupata ilimradi wale wengine wazidiwe. Hawakuwa na ugomvi, hawakuwa na historia, ni dakika chache tu zilizopita ndio walipewa kundi. Sasa nyie mmepewa herufi, mmekaa nayo miaka miwili, mna meza na nyimbo, mnadhani nini kitatokea? Nakwambia hivi ili usiamini kwamba kuna kitu kibaya ndani yako kinachofanya watu wainuke mezani. Wala usiamini kuwa C ni wabaya.

Hapo sasa niruhusu nikuulize maswali, kwa upole tu, sikukamati.

Umesema J hataki kukuona. Umesikia kwake? Kwenye barua umeandika jamaa mmoja ndio alikuletea maneno. Na jamaa huyohuyo, au mwenzie, si ajabu ndio alimpelekea J maneno kwamba umewachoma. Inawezekana kweli J kasema, sikatai, lakini hata kama kasema, alisema siku waliyochapwa, mbele ya watu, na mtu akiwa mbele ya kundi lake anasema vitu ambavyo peke yake asingesema. Halafu kuna kitu kingine, nacho ni kigumu kidogo. J alilala na wewe godoro moja na hakujua kama unaamka alfajiri kusoma. Januari akaona jina lako 3A. Sijui alijisikiaje, labda alifurahi, labda alihisi ulikuwa na siri ya kuondoka bila yeye. Hukufanya kosa kujificha, ile hofu ya kuchekwa Kambi ilikuwa ya kweli. Ila ukienda kuongea nae ukadhani tatizo ni lile la prepo tu unaweza kukuta yeye anaumia na jambo jingine kabisa.

Umesema wale wa A ni watoto wa kishua wana mambo yao. Lakini katikati ya sentensi hiyohiyo kuna kijana aliyekupa desa lake la kemia na akaomba mdiskasi. Umempita haraka sana huyo. Nakuuliza tu, kama ulimkatalia, ni kwasababu ya alichofanya yeye au kwasababu ya meza anayokaa? Sisemi awe rafiki, huenda hamtaivana, nasema tu kwamba mtu akiumizwa na jina ni rahisi sana nae kuwasoma wengine kwa majina.

Na umesema ukirudi C mambo yatarudi. Hapa ndio nina wasiwasi zaidi. Kambi uliyoiacha Desemba sidhani kama bado ipo vilevile, wamechapwa, wameshapanga meza upya, wana hadithi kuhusu wewe, na kurudi kwako peke yake hakuifuti hiyo hadithi. Wengine watasema kashindwa A karudi kwa aibu.

Basi tuziangalie njia zako moja moja.

Kujifelisha Juni. Sikucheki kwa kuwaza hivyo, mtu akikosa watu wa kula nao anawaza lolote, na mama anaposema marafiki hawalipi ada ni kweli ila hata ada haileti mtu wa kula nae. Lakini jua bei yake. Alama za kidato cha tatu zinaingia kwenye CA, zile alama za maendeleo zinazojumlishwa na mtihani wa kidato cha nne, kwahiyo upuuzi wa Juni utakufuata mpaka cheti. Kuna mjomba, ambaye ataona ripoti bila kujua sababu na anaweza kukata shauri lake juu ya ada. Na kuna J tena, siku akigundua ulifeli makusudi, sijui ataona ni upendo au ataona unamwambia kwamba C ni mahali pa kufelia. Kama kweli unataka C kuliko A, ipo njia ya wazi, kumuomba mwalimu wa taaluma akurudishe na matokeo yako mazuri mkononi. Anaweza kukataa, wengi watakataa, na ticha wa hesabu anaweza kupata la kusema. Ila hiyo njia haikuharibii kitu.

Kuhama. Hili nalo sio ukimbizi, watoto wanahama shule na wanapona. Lakini shule ya kutwa Dar toka Mbagala unazijua daladala za asubuhi, konda anakukataa kwasababu ya nauli ya mwanafunzi, unafika umechelewa unachapwa, jioni unarudi hoi. Na huko nako kuna mikondo, kuna meza, kuna mgeni. Faida ni kwamba utalala nyumbani kwa mama, na kwa hali ya hilo tumbo na hizo usiku labda faida hiyo ni kubwa kuliko ninavyoiona mimi nikiwa mbali. Kama mnawaza hivyo liongeleeni mapema mwaka huu na mjomba, mambo ya usajili wa kidato cha nne yakishaanza kuhama inakuwa kazi. Na umwambie mjomba ukweli wote, sio "shule ngumu", mwambie habari ya jina na ya meza, akisikia nusu atadhani unakimbia masomo.

Kubaki A. Hapa mwanangu sitakudanganya kwamba ukivumilia watazoea, wengine hawatazoea. Kubaki kunahitaji uwe na angalau mtu mmoja, na huyo mtu hapatikani bwaloni kwenye meza zenye wenyewe, anapatikana kwenye kitu mnachofanya pamoja, mpira, kwaya, bustani ya shule, maabara, au hilo desa la kemia. Wapo pia walimu wanaokubali makundi ya kudiskasi yenye watu wa A, B na C pamoja ukiwaomba. Hebu fikiria J na fizikia, mtu anayefufua redio, nani kamwambia hana akili ya saketi? Lakini hili lisiwe mradi wa kumwokoa, hakuna anayependa kuokolewa na mtu aliyemkasirikia.

Kumwendea J. Ukiamua, mwende akiwa peke yake, kwenye kufua au njiani, usiende mezani. Usianze na "sijawachoma", anza na kwamba umemkumbuka. Anaweza kukukaushia, uwe tayari kwa hilo, na ikitokea usimsake kila siku, mwachie nafasi, mwezi wa tano sio mwisho wa urafiki. Ikiwa hutaki kwenda kwasababu bado umekasirika, nayo ni haki yako, maana na yeye aliamini maneno bila kukuuliza, hujaandika kama umekasirika lakini ningeshangaa kama hujakasirika.

Kumwambia mwalimu. Najua unachoogopa, ukionekana ofisini tu unakuwa mchomaji kweli. Ndio maana ukimwendea mwalimu wa malezi au patroni ongea habari zako wewe, huli usiku, tumbo linauma, unaitwa hivi, bila kutaja majina ya wanafunzi kama hutaki. Hata hivyo hatari haiishi, mwalimu asiye na busara anaweza kusimama paredi akasema "nimesikia kuna mtu anaonewa" na mambo yakawa mabaya zaidi, kwahiyo mwombe kabisa kabla hujaanza kwamba asilisemee paredi. Na kuhusu huyu wa hesabu na "akili ya C" yake, hiyo sio kazi ya mtoto wa miaka 16 kumrekebisha. Hiyo ni kazi ya mjomba au mama kwenye kikao cha wazazi, na wazazi mnaosoma hapa mkiitwa kikao cha muhula ulizeni C inafundishwa na nani na vipindi vingapi, msiulize tu mtoto wangu wa ngapi.

Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta sehemu uliyosema unapenda nini wewe, sio Kambi wala mati-oo, sijaipata. Uliamka alfajiri ukasoma hakuna aliyekutuma. Ulikuwa unasoma nini hasa, na ulikuwa unajisikiaje? Nauliza kwasababu jibu lake linaweza kukusaidia kuamua kuliko haya yote niliyoandika, na kwasababu ningependa kujua.

Kabla likizo haijaisha ongea na mama kuhusu hizo usiku, halafu mjomba. Hili la Juni una muda nalo, usilifunge leo. Na ukirudi nyumbani mwezi wa sita simu ya dada ikiwa wazi niandikie, unaendeleaje na chakula cha usiku, na J mliongea au bado.

Anti